Uliza Ami: Kabla hujajilipua majuu, soma barua ya mama huyu

Assalaam aleikum wasomaji. Tangu nilipogusia mambo ya makaratasi ya ughaibuni barua zimenijia nyingi mpaka nimeshindwa kuzijibu zote, nimechagua tano na ya mwisho nimeipa nafasi kubwa manake ilinikosesha usingizi. Kwa wale wageni wa safu hii, mimi si wakili. Nilikuwa mkalimani wa simu miaka mingi, mawakili wa Uingereza walikuwa wananipigia hapahapa Malindi niwatafsirie Kibajuni, lahaja ya wavuvi wa visiwa vya Lamu na Somalia, na Kiamu, lahaja ya mji wa Lamu, mamangu mtu wa Kizingitini basi lugha hizo nimezinyonya. Ninachokijua nimekijulia huko, kwa kusikiliza watu wakihojiwa.

*

Ami shikamoo. Mimi kijana wa miaka 26, hoteli niliokuwa nafanya kazi imefungwa na sina kitu ila Kiitaliano nilichokiokota kwa wageni. Binamu yangu yuko Birmingham, anasema nitafute viza ya matembezi, nikifika nijilipue, yaani niombe hifadhi ya ukimbizi, nichane paspoti niseme mimi Mbajuni wa Kismayo nimekimbia vita. Anasema lugha yangu inapita na sura inapita. We waonaje? — Kijana wa Muyeye

Marahaba mwanangu. Kwanza pole na kazi, najua Malindi msimu ukilala unalala na watu. Lakini hilo usifanye, na nitakwambia sababu moja moja, ya mwisho ndio kubwa.

Sheria yenyewe inatoka kwenye Mkataba wa Geneva wa tarehe 28 Julai 1951. Pale mwanzo uliwahusu waliokimbia kwa mambo ya kabla ya 1951 tu, yaani hasa Wazungu wenyewe baada ya vita vyao, ikaja Itifaki ya 1967 ikaondoa mpaka huo wa tarehe na wa mahali. Mkimbizi kwa mkataba ule ni mtu alie nje ya nchi yake, ana hofu yenye msingi ya kuteswa, na anateswa kwa sababu moja kati ya tano: rangi au kabila lake, dini yake, uraia wake, kundi la kijamii alilomo, au msimamo wake wa kisiasa. Njaa haimo. Ukosefu wa kazi haumo. Inauma lakini ndivyo ilivyoandikwa, na afisa akikuhoji hizo tano ndizo anazozitafuta kwenye maneno yako.

Pili, ile viza ya matembezi ukienda kuiomba unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Sasa ukifika Birmingham ukachana paspoti utachana na vidole? Siku ya kwanza ukiomba hifadhi wanachukua alama tena, wanalinganisha, inatokea jina lako, paspoti yako ya Kenya na barua ya benki uliyoipeleka. Kesi imeisha kabla haijaanza, na kwa udanganyifu huo unaweza kufungiwa viza miaka 10.

Na ukisema basi nitajilipua kama Mkenya, ujue Uingereza ina orodha ya nchi inazozihesabu salama, na Kenya imo, lakini kwa wanaume tu. Yaani mwanamume wa Kenya akiomba, wanaanza na dhana kuwa kwao kuna usalama, na wakiona ombi halina msingi wowote wanalipiga muhuri ambao unakunyima hata rufaa. Mwanamke hamo kwenye dhana hiyo, na kuna sababu, mwaka 2006 mahakama yao ya juu wakati ule ilikubali kuwa msichana anaekimbia kukeketwa anaweza kuwa mkimbizi, kesi ilikuwa ya binti wa Sierra Leone. Kwa hivo dada zetu wenye hofu ya kweli wasikatishwe tamaa na haya ninayokwambia wewe.

Sababu ya tatu isome kwenye barua ya mwisho hapa chini. Isome yote, alafu umpigie binamu yako umsomee.

Ukitaka njia ya halali, Kenya na Ujerumani walitiliana saini mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024 pale Berlin. Si bahati nasibu, wanataka mtu ana ufundi na cheti na Kijerumani cha kuongea, lakini wewe ulishajifunza Kiitaliano kwa kukaa na wageni tu bila shule, lugha ya pili haitakushinda.

*

Ami, kuna bwana hapa mtaani anaandikisha watu kwenda Kanada kama wakimbizi kupitia UNHCR, lile shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, anataka laki moja na nusu kwa kichwa, nusu kwanza. Nimeshauza mbuzi. — Mama Watatu, Gongoni

Bi mkubwa, usimpe hata shilingi. Wewe ni Mkenya uko Kenya, huwezi kuwa mkimbizi ndani ya nchi yako. Na hata kwa mkimbizi wa kweli wa Dadaab kuhamishiwa nchi ya tatu hakulipiwi, ni bure toka mwanzo mpaka mwisho, na wanaopata kwa mwaka hawafiki hata mmoja kwa mia ya wakimbizi wote duniani. Wengine wapo pale Dadaab tangu kambi ifunguliwe 1991, wamezaa na kujukuu wakingoja, na Marekani iliyokuwa ikichukua wengi ilisimamisha mpango wake mzima tarehe 20 Januari 2025, wako waliokuwa washauza vyombo wakingoja ndege tu. Huyo bwana anauza kitu ambacho hanacho. Nenda na jirani wawili, umdai kama ushampa, na polisi mukaandikishe.

*

Sisi ni wa Mpeketoni. Juni 2014 nyumba yetu ilichomwa, babangu akauawa. Kakangu mdogo yuko Ujerumani ameomba hifadhi kwa ajili ya Al-Shabaab, wamemkataa wamesema angehamia sehemu nyingine ya Kenya. Hiyo ni haki kweli? — Binti wa Mpeketoni

Pole sana dada, Mungu amrehemu mzee. Wengi wetu huku Pwani hatujausahau usiku ule na uliofuata, zaidi ya watu 60 waliuawa.

Nitakujibu kwa ukweli manake hustahili kubembelezwa. Nchi za Ulaya mtu akisema nimekimbia kwetu wanauliza swali la pili: je, kuna sehemu nyengine ya nchi hiyohiyo ungeweza kuishi kwa amani na kwa hali inayoeleweka? Wakiona angeweza kukaa Nakuru au Thika wanamkataa, hata wakiamini kila neno alilosema. Sasa kakako kazi yake kwenye rufaa si kueleza tena Mpeketoni, hiyo wameshaikubali, aeleze kwa nini Nakuru haiwezekani kwake yeye: anatafutwa yeye binafsi? alitoa ushahidi? kuna mtu alimtishia baada ya kuhama? Kama lipo aliseme kwa tarehe na mahali. Kama halipo, sitaki kukupa tumaini la uongo.

Sisi Waafrika tuna mkataba wetu wa 1969, ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa zamani, na ni mpana zaidi, unamhesabu mkimbizi hata alievuka mpaka kwa sababu vita au fujo kubwa imeivuruga nchi yake. Ndio maana Msomali akifika Kenya hakuulizwa zile sababu tano. Ulaya hawafungwi na mkataba huo. Na nyinyi muliobaki, Kenya ina sheria ya 2012 ya wakimbizi wa ndani, muna haki ya kudai msaada na makazi, ulizeni ofisi ya kaunti na muandike kwa barua, si kwa mdomo.

*

Ami, mimi ni mwalimu mstaafu, swali langu fupi. Hawa Wazungu si ndio walioandika sheria ya wakimbizi? Mbona sasa wanawapeleka watu Rwanda na Albania kama mizigo? — Mwalimu wa zamani, Langoni, Lamu

Mwalimu, hili linaniuma mimi pia.

Uingereza walitangaza mpango wa Rwanda Aprili 2022, ndege ya kwanza ikazuiwa usiku wa 14 Juni mwaka huohuo watu wakiwa washapakiwa, na tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Juu yao wenyewe ikasema majaji wote watano kuwa mpango haufai kisheria. Sababu ilikuwa ile nguzo ya mkataba wa Geneva, kifungu cha 33: humrudishi mtu mahali atakapoteswa, wala humpeleki kwa mtu wa tatu ambae atamrudisha yeye. Serikali ikatunga sheria nyengine 2024 kutangaza kuwa Rwanda ni salama, kama vile ukisema kwa maandishi kusi halivumi basi litaacha kuvuma, alafu serikali mpya ikaingia Julai 2024 ikauvunja. Zilishatumika kama pauni milioni 700 na waliokwenda ni wanne, nao kwa hiari yao.

Italia, hawa jirani zetu wa Malindi, 2009 walikamata maboti baharini yenye Wasomali na Waeritrea wakawarudisha Libya bila kumuuliza mtu jina wala tatizo lake. Watu 24 katika hao wakashtaki, na Februari 2012 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ikawapa ushindi, ikasema bahari kuu si mahali pasipo na sheria. Sasa wamekuja na kambi za Albania, wale wa kwanza 16 walipelekwa Oktoba 2024, wanne wakarudishwa mara moja, na siku chache tu hakimu akakataa wale 12 waliobaki wazuiliwe huko, nao wakarudishwa Italia.

Kwa hivo ukiniuliza, sheria bado ipo na ina meno, mahakimu wao wengi wanaiheshimu. Wanaoikimbia ni wanasiasa manake kura ziko kwa wanaoogopa wageni. Hata Septemba 2025 Uingereza ilisimamisha maombi mapya ya mkimbizi kuleta mke na watoto wake, mtu ashakubaliwa kuwa ni mkimbizi na mkewe amebaki kambini. Kuna kifungu cha 31 cha mkataba huohuo wa Geneva kinasema mkimbizi asiadhibiwe kwa kuingia bila ruhusa akitoka moja kwa moja kwenye hatari na akajitokeza mapema, sasa wao wameweka kifungo cha mpaka miaka 4 kwa kufika tu bila kibali. Na mimi kila nikisoma hayo nakumbuka mzee mmoja alieniambia habari za Wapolandi waliokimbia vita ya Hitler na Stalin wakaletwa huku Afrika Mashariki, maelfu, wengine pale Tengeru karibu na Arusha, wakalima, wakasomesha watoto, makaburi yao yapo mpaka leo. Hakuna alieuliza Waarusha na Wameru kama nchi imejaa.

*

Ami, assalaam aleikum. Mimi ni mama wa Kibajuni, asili yetu kisiwa cha Chula upande wa Somalia, sasa nakaa Lamu. 1992 tulikimbia kwa mashua tukafika Mombasa, tukawekwa kambini. Kambi ilipofungwa tukarudi visiwani, mwanangu akazaliwa huko 1999. Tukaonewa tena, mashua zikachukuliwa, babake akauawa baharini. Akiwa na miaka 9 nilimleta Lamu kwa khalati yake, hana kipande cha Kenya wala cha popote. Yuko Uingereza, ameomba hifadhi. Walimpigia simu mtu asiemuona wakamrekodi akiongea kama robo saa, wakamuuliza visiwa, samaki, koo. Wiki iliopita barua imekuja, wanasema lugha yake ni ya Kenya, yeye ni Mkenya anaejifanya Mbajuni wa Somalia, amesema "ndia" (njia) na "mato" (macho) na hayo ni maneno ya Lamu. Ami, mwanangu si muongo. Nifanye nini?

Wa aleikum salaam dadangu. Niliisoma barua yako nikatoka nje nikakaa barazani.

Kwanza la haraka. Rufaa ina siku 14 tangu uamuzi utumwe, na wiki moja ishapita. Leo hii, si kesho, mpigie mwambie aende kwa wakili wake akate rufaa, kama hana wakili kuna mawakili wanaolipwa na serikali kwa kesi za hifadhi, aseme tu neno rufaa na tarehe ya barua. Mengine yote niliyoandika hapa yatangoja.

Sasa nikueleze kilichotokea. Uingereza imeshughulika na Wabajuni zaidi ya miaka 20, wapo mahakimu walioandika hukumu nzima tangu 2004 wakijadili kama Mbajuni lazima ajue Kibajuni. Na tatizo lao wanalijua wao na sisi tunalijua: Wabajuni wako pande mbili, kuanzia Kismayo na visiwa vya Koyama, Chula, Ngumi mpaka Kiunga, Faza, Kizingitini, Mbwajumwali. Mpaka ule aliuchora Mzungu, wavuvi hawakuulizwa, mtu alikuwa anaoa Faza anazikwa Koyama. Kwa hivo wakaweka kampuni za kusikiliza lugha, moja maarufu ya Sweden, mtu anaongea kwa simu na mchambuzi anasema huyu katoka wapi.

Na kwa nini walianza kushuku? Kwa sababu ya watoto kama kijana wangu wa Muyeye hapo juu. Walikwenda vijana wa Malindi, wa Mombasa, wa mpaka Tanga, wakasema sisi Wabajuni wa Kismayo, wakakariri majina ya visiwa kwenye karatasi. Wengine niliwatafsiria mimi, na unajua mtu aliekariri kwa vile anataja visiwa kwa mpangilio kama mtoto wa madrasa, hajui kipi kina maji ya kunywa. Kila mmoja alieingia kwa njia hiyo alimwachia Mbajuni wa kweli mlango mdogo zaidi. Kijana, hii ndio sababu ya tatu. Makaratasi hayo unayoambiwa yanapatikana rahisi yana mwenyewe, na mwenyewe ni mtoto wa mama huyu.

Lakini dada, kipimo chenyewe kina kasoro na ndipo pa kushika. Mwaka 2004 wataalamu wa lugha wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo, wakasema lugha haiwezi kuonyesha uraia wa mtu, inaweza tu, na si mara zote, kuonyesha alilelewa miongoni mwa watu gani. Mwanao amelelewa Lamu tangu miaka 9! Atakosaje kusema "ndia"? Khalati yake alikuwa anamwita kwa Kiamu, shule ya chuoni Kiamu, sokoni Kiamu. Ripoti ile haijamwita muongo, imethibitisha alichosema, kama alikisema.

Hapo ndipo nina wasiwasi, na niulizie kwa upole: aliwaambia habari za Lamu? Wengi wanashauriwa wafiche miaka yao ya Kenya, wanaambiwa ukitaja Kenya umekwisha. Kama aliificha, sasa aitoe yote, kwa maandishi, mwaka aliofika, nyumba ya nani, kwa nini hana kipande. Itamgharimu kidogo kwa kuwa atakuwa amebadilisha maelezo, lakini bila Lamu ile rekodi haielezeki.

Na nikwambie nililoliona mimi kwa masikio yangu. Kulikuwa na mtu mzima mmoja, jina nitamficha, mvuvi. Dakika kumi za mwanzo aliongea na mimi Kiswahili cha redio, "mtu", "mtu", manake mimi mgeni, sauti ya mkalimani kwake ni sauti ya serikali na mtu wetu mbele ya serikali ananyoosha lugha kama anavonyoosha kanzu. Wakili akamuuliza babako alikufa vipi. Akanyamaza. Alipoanza tena alisema "mchu", wale watatu waliokuja na boti, na kutoka hapo Kibajuni kilimwagika mpaka mimi nikawa naomba anipe nafasi nitafsiri. Lau wangekata rekodi dakika ya kumi angekuwa Mkenya.

Kwa hivo wakili aombe rekodi yenyewe, si ripoti peke yake. Mtafute mtu mwengine anaekijua Kibajuni cha visiwani aisikilize na aandike. Ulizeni mchambuzi ni nani kwa elimu yake, amezaliwa wapi, alishafika Chula lini. Mahakama ya Juu ya Uingereza 2014 ilisema, kwenye kesi zilizotoka Scotland, kuwa ripoti kama hizo si neno la mwisho, hakimu lazima azipime na ushahidi mwengine, na mchambuzi wa lugha asitoe hukumu kwa mambo ambayo hana ujuzi nayo. Wakili mzuri anaijua kesi hiyo.

Alafu watu. Wapo wazee wa Chula na Koyama walioko London na kwengineko wameshapewa hifadhi zamani. Mmoja akija mahakamani akasema namjua babake, namjua mamake, mashua yao ilikuwa fulani, hilo lina uzito kuliko robo saa ya simu. Nawe uandike maelezo yako, kwa Kiswahili chako wewe usikinyooshe, upeleke kwa wakili wa hapa ule kiapo chako mbele yake: umekimbia lini, kambi gani, mtoto kazaliwa wapi na mkunga nani, babake kauawa wapi, umemvusha vipi mpaka Lamu. Mwaka usioukumbuka usiubuni, sema ilikuwa baada ya kaskazi fulani, sema alikuwa ameshatahiriwa au bado.

Na mwisho wa barua yako umeniandikia, kwa maneno madogo pembeni, kuwa ile kadi ya kambini ya chakula ya 1992 unayo mpaka leo ndani ya mkebe wa biskuti, yenye jina lako na la kisiwa. Dadangu, kwa nini umeliandika pembeni? Itoe leo. Piga picha mbele na nyuma, mchana, juani, herufi zisomeke, umtumie mwanao na wakili. Yenyewe usiitie posta na usimpe mtu yeyote akuwekee, hata mimi.